Pota jikoni: bia nyeusi ya London inaporudi nyumbani

Rojo la kimea lililomo ndani ya kopo la kilo 1.7 ni jeusi, zito na linanata. Ukilichota kwa kijiko na kukiinua, linashuka polepole bila kukatika, na harufu yake inajaa jiko zima: mkate uliobabuka, kahawa, sukari iliyoungua. Hiyo ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kukaangwa, maji yake matamu yakatiwa maua machungu ya hopsi, kisha yakakaushwa mpaka yakabaki mazito namna hiyo. Juu ya kopo, chini ya mfuniko wa plastiki, mna kipakiti cha hamira na karatasi ya maelekezo. Ongeza sukari, maji na subira ya wiki kadhaa, na nyumba ya kawaida nchini Uingereza inapata lita 23 za pota, bia nyeusi iliyozaliwa London miaka 300 iliyopita.

Wengi huliona jambo hili kuwa burudani ya mwisho wa wiki. Mimi naliona kuwa kubwa zaidi. Pota ndiyo bia iliyomalizia kazi ya kuiondoa pombe ya Waingereza nyumbani na kuipeleka kiwandani. Ndiyo pia bia iliyowalazimisha, kwa gharama ya maisha na afya za watu, kuuliza swali moja: ndani ya glasi hii mna nini? Anayeipika leo jikoni kwake analijibu swali hilo kwa mikono yake mwenyewe. Kwetu Afrika Mashariki, ambako watu wanaendelea kufa kwa vinywaji wasivyojua vimetiwa nini, swali hilo halijapoa hata kidogo.

Kinywaji cha wapagazi

Mwanzoni mwa karne ya 18, London ilikuwa jiji la mizigo. Meli zilijaa Mto Thames, na makaa ya mawe, nafaka, chumvi na samaki vilishushwa kwa mabega ya watu. Wapagazi hao walikuwa na vyama vilivyotambuliwa na wakuu wa jiji, na kazi yao ilikuwa ya kutwa nzima. Walihitaji kinywaji cha kukata kiu na kurudisha nguvu, nacho kilikuwa bia ya kahawia iliyokolea hopsi na kuachwa ikomae. Waliipenda kiasi kwamba ikaitwa kwa jina la kazi yao: pota, yaani mpagazi kwa Kiingereza. Maandishi yanaitaja hivyo tangu mwaka 1721.

Ipo hadithi inayorudiwa kila mahali kwamba mtu mmoja, Ralph Harwood wa Shoreditch, aliivumbua mwaka 1722 ili kumwondolea mwuza baa usumbufu wa kuchanganya bia kutoka mapipa matatu. Hadithi hiyo ilienezwa na maandishi ya mwaka 1802, miaka 80 baada ya tukio linalodaiwa. Ukweli ni kwamba wapishi wengi wa London waliendelea kuirekebisha bia yao ya kahawia, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kinywaji kipya.

Upya wake ulikuwa katika muda. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, kupika pombe Uingereza ilikuwa kazi ya wanawake. Mama alipika kwa ajili ya nyumba yake, na kilichozidi akawauzia majirani kabla hakijaharibika. Kuja kwa hopsi na wafanyabiashara wenye mitaji kulikwishaanza kuwasukuma kando akina mama hao. Pota ikawafungia mlango kabisa. Bia hii ilitakiwa ikae ndani ya mapipa kwa miezi, wakati mwingine kupita mwaka. Hakuna mama wa mtaani aliyeweza kufungia mtaji wake kwa muda wote huo.

Wenye uwezo waliweza. Samuel Whitbread alihamishia kiwanda chake mtaa wa Chiswell mwaka 1750. Mwaka 1785 akafunga mtambo wa mvuke wa Boulton na Watt, ukafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na farasi. Mwaka 1787 Mfalme George III na Malkia Charlotte walikwenda kuutazama kwa macho yao. Kufikia mwaka 1796 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya mapipa 200,000 kwa mwaka, ambayo kwa vipimo vya leo ni zaidi ya lita milioni 32. Kabla ya nguo na chuma kuiteka dunia, pota ilikuwa imekwishaonyesha maana ya uzalishaji wa viwandani.

Ukubwa huo ulikuja na hatari yake. Alasiri ya tarehe 17 Oktoba 1814, kwenye kiwanda cha Meux karibu na barabara ya Tottenham Court, pete moja ya chuma iliyolifunga pipa la kukomazia bia ilichomoka. Pipa lilikuwa na kimo cha futi 22, yaani karibu mita 7, na lilikuwa limejaa pota. Halikuchukua muda likapasuka, likabomoa na mengine, likauangusha ukuta wa nyuma. Bia ikafurika kwenye mtaa wa maskini wa St Giles. Watu 8 walikufa, wote wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, wamekusanyika kumlilia mtoto wa miaka 2 aliyekuwa amefariki. Uchunguzi ukaamua kuwa ilikuwa ajali isiyo na mkosaji, na kampuni ikarudishiwa kodi iliyokuwa imeilipia bia iliyomwagika. Mahali hapo leo pana ukumbi wa maonyesho wa Dominion, na umati wa watu hupita bila kujua.

Rangi, sumu na hadubini

Pota ya mwanzo ilipata weusi wake kutokana na kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto mkali wa kuni. Kisha ikaja haidromita, chombo cha kioo kinachoelea ndani ya maji ya kimea na kuonyesha yana sukari kiasi gani. Ilipoanza kutumiwa viwandani mwishoni mwa karne ya 18, iliwafumbua macho wenye viwanda: kimea cha kahawia, ingawa kilionekana cha bei nafuu, kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe. Kwa hesabu ya pochi, cheupe kilikuwa na faida. Tatizo ni kwamba kimea cheupe hutoa bia nyeupe, na mteja alitaka nyeusi aliyoizoea.

Hapo ndipo uchakachuaji uliposhamiri. Wapo waliotia sukari iliyounguzwa, na wapo waliotia vibaya zaidi. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kuitia bia rangi kwa kitu kingine chochote isipokuwa kimea. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea ndani ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, kwa namna ile ile kahawa inavyokaangwa. Kiasi kidogo cha kimea hicho cheusi kilitosha kuipa rangi bia nzima bila kuvunja sheria. Pota na stauti za leo zinatokana na mtambo huo. Hata stauti yenyewe ilianza kama pota kali tu. Arthur Guinness, aliyekodi kiwanda cha St James's Gate mjini Dublin mwaka 1759, aliacha bia nyingine zote mwaka 1799 akabaki na pota. Kwa hiyo chupa ya Guinness inayofunguliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ni ya ukoo huu huu.

Sheria haikumaliza udanganyifu kwa siku moja. Mwaka 1820 Frederick Accum, mkemia Mjerumani aliyeishi London, alitoa kitabu kilichofichua jinsi vyakula na vinywaji vya jiji hilo vilivyokuwa vikichakachuliwa. Miongoni mwa vitu alivyovitaja kwenye bia ni tunda la sumu liitwalo cocculus indicus, lililotumiwa kuifanya bia hafifu ilevye kama bia kali. Mpagazi alilipia shayiri akanyweshwa sumu.

Nusu karne baadaye uchafu wa aina nyingine ulianikwa. Mwaka 1871 Louis Pasteur alikitembelea kiwanda cha Whitbread. Aliomba apewe kidogo cha hamira ya pota, akaiweka chini ya hadubini, na ndani yake akaona vijidudu visivyokuwa hamira. Aliwaambia wakubwa wa kiwanda bila kuficha. Aliporudi muda mfupi baadaye, alikuta wamekwishanunua hadubini yao. Kitabu chake kuhusu bia kilitoka mwaka 1876, na tangu hapo kila mpishi makini anajua kwamba kazi yake ya kwanza ni kuamua ni kiumbe gani ataishi ndani ya pipa lake na ni yupi atafungiwa nje.

Kopo linaingia nyumbani

Tangu mwaka 1880, Mwingereza aliyetaka kujipikia bia nyumbani alitakiwa kuwa na leseni. Wengi waliacha. Mwezi Aprili 1963 Waziri wa Fedha, Reginald Maudling, aliifuta leseni hiyo, na mtu akawa huru kupika bia kwa matumizi ya nyumbani kwake bila kikomo na bila kodi, mradi asiiuze. Katika miaka ya 1970 hata maduka ya dawa ya Boots yalikuwa yakiuza vifaa na makopo ya kimea. Wamarekani walifuata: Rais Jimmy Carter alitia saini sheria kama hiyo mwezi Oktoba 1978, na wengi wa waanzilishi wa viwanda vidogo vya bia vilivyoibuka nchini humo baadaye walikuwa wamejifunzia jikoni kwao.

Wakati huo pota ilikuwa karibu ifutike. Vita viwili vya dunia vilibana nafaka na kupunguza ukali wa bia, ladha za watu zikahamia kwenye bia nyepesi, na kufikia miaka ya 1950 pota ilikuwa imetoweka London ilikozaliwa. Walioifufua ni wapishi wa nyumbani na viwanda vidogo, kwa kusoma kumbukumbu za zamani na kujaribu. Kiwanda kikubwa cha London kama Fuller's kilikuja kutoa pota yake mwaka 1996, watu wa jikoni wakiwa wamekwishaitengeneza kwa miaka.

Kopo ndilo lililowarahisishia. Hatua ngumu kuliko zote katika kupika bia ni kuloweka kimea kwenye maji ya moto yenye joto la takriban nyuzi 65 mpaka wanga ugeuke sukari, kisha kuchuja na kuchemsha na hopsi kwa saa nzima. Kiwanda cha kimea kinakufanyia hayo. Kampuni ya Muntons ya Suffolk nchini Uingereza na Coopers ya Adelaide nchini Australia zimejijengea jina kwa makopo hayo. Anayenunua anabakiwa na kazi mbili: usafi na uangalizi wa hamira. Si kazi ndogo, kwa sababu ndizo zinazoamua kama utakunywa bia au utamwaga siki.

Jikoni kwa mama wa Kilimanjaro

Kazi hizo nilizitazama kwa karibu kwenye mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, nyumbani kwa mama aliyezaliwa Kilimanjaro, muuguzi mstaafu. Mama yake mzazi alikuwa mpishi wa mbege. Baada ya shikamoo na marahaba alinipa kitambaa na kunielekeza kwenye sinki.

"Nawa kwanza, mwanangu. Kopo halifunguliwi mpaka kila kitu kitakaswe," aliniambia. "Wodini tulikuwa hatuulizani kama mikono ni misafi. Tulikuwa tunanawa."

Vifaa vyake vilikuwa vichache: ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula yenye ujazo wa lita 30 na mfuniko wake, kivalvu kidogo cha plastiki cha kupitishia gesi, haidromita, kipimajoto, mwiko mrefu na mpira wa kuhamishia bia. Vyote viliingia kwenye maji yenye unga wa kuua vijidudu wa aina isiyohitaji kusuuzwa. Akaonya kwamba anayetumia dawa ya klorini ya kufulia lazima asuuze mpaka harufu iishe kabisa, maana mabaki yake huipa bia ladha ya dawa ya hospitali.

Kopo lilikuwa limekaa kwenye maji ya moto kwa robo saa ili rojo lilegee. Alilifungua, akalimimina ndani ya ndoo, akalisuuza kopo kwa maji yaliyochemka ili lisibaki tone, akakoroga. Halafu akaongeza kilo 1 ya utamu, na hapa alikuwa na la kusema. Makopo mengi huruhusu sukari ya kawaida, lakini sukari tupu huliwa yote na hamira na kuiacha bia nyepesi kama maji. Pota inataka uzito mdomoni, kwa hiyo yeye huweka nusu sukari na nusu unga wa kimea, na akiwa na fedha huweka unga wa kimea mtupu.

Yakafuata maji ya baridi mpaka kwenye alama ya lita 23. Maji yenyewe ni sehemu ya historia ya bia hii. Maji ya London hupita kwenye miamba ya chokaa na yana magadi mengi, hali inayoharibu bia nyeupe. Kimea kilichokaangwa kina uchachu wake wa asili, na uchachu huo huyasawazisha maji ya namna hiyo. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya bia nyeusi istawi London. Anayetumia maji ya bomba yenye klorini afanye kama mama huyu: ayachemshe mapema na kuyaacha yapoe.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 20. Haidromita ilielea ikasimama kwenye 1.039, naye akaiandika namba hiyo kwenye daftari. Akanyunyiza hamira juu ya povu, akafunika, akatia maji kidogo kwenye kivalvu, akaisogeza ndoo mbali na dirisha na kuizungushia blanketi. "Hamira inaogopa baridi ya huku, lakini joto la Dar nalo lingeiharibu," alisema. Ni kweli. Hamira ya bia za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ikipata joto la nyuzi 30 hukimbilia kazi na kutoa ladha kali zinazonukia kama rangi ya kucha.

Ndani ya saa 24 kivalvu huanza kutokota. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo inatoka kupitia maji ya kivalvu bila kuruhusu hewa ya nje kuingia. Povu la rangi ya kahawa ya maziwa hupanda, hukaa siku mbili tatu, kisha huzama. Wengi hukosea hapa: kivalvu kinaponyamaza, hudhani kazi imekwisha. Kipimo cha kuaminika ni haidromita. Baada ya wiki moja hadi mbili namba yake hushuka na kutulia. Ikisoma 1.012 leo na ikasoma hivyo hivyo kesho na keshokutwa, hamira imemaliza. Hesabu ya kileo ni rahisi: chukua namba ya mwanzo, toa ya mwisho, zidisha kwa 131. Kwa 1.039 na 1.012 jibu ni takriban asilimia 3.5.

Kuwahi kuijaza bia kwenye chupa kabla namba haijatulia ni hatari ya kweli. Sukari iliyobaki huendelea kuchachuka ndani ya chupa iliyozibwa, gesi hukosa pa kutokea, na chupa hupasuka. Kwa hiyo subiri, kisha tumia chupa nene za bia au za plastiki zilizotengenezewa vinywaji vyenye gesi. Chupa nyembamba za mvinyo hazifai. Kila chupa ya nusu lita hutiwa nusu kijiko cha chai cha sukari, isizidi, ili hamira iliyobaki itengeneze mapovu yake. Ndoo moja hutoa chupa 40 na kidogo. Zinakaa wiki mbili mahali penye joto la kawaida, halafu zinahamishiwa penye ubaridi na giza kwa mwezi mmoja au zaidi.

Mwezi huo ndio unaoitofautisha pota na bia nyepesi. Ikiwa changa, ladha ya kukaangwa huwa kali na kavu, inashika kooni. Ikikaa, ukali hulainika na ladha zinashikana. Mama huyu alinimiminia chupa iliyokomaa, taratibu, akayaacha mashapo ya hamira chini. Mezani glasi ilikuwa nyeusi tii. Alipoiinua mbele ya dirisha, pembeni yake ilitoa wekundu wa zabibu. Nilipata kakao kwanza, halafu ganda la mkate, halafu uchungu mdogo uliokaa nyuma ya ulimi baada ya kumeza.

Msesewe na hopsi

Nilimwuliza mama kama kupika kwa kopo hakumwii kigeni. Alitikisa kichwa. "Kimea nimekikuta nyumbani, mwanangu. Mama alikuwa analoweka ulezi, anauotesha, anauanika, anausaga. Huku nimekuta shayiri badala ya ulezi."

Aliyoyasema yanastahili kutazamwa kwa makini. Mbege ya Wachaga hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ili utamu wa ndizi usizidi, wapishi hutia magome ya msesewe yenye uchungu. Kazi hiyo hiyo ya kusawazisha utamu ndiyo inayofanywa na hopsi kwenye pota. Magharibi mwa Kenya, busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliovundikwa, ukakaangwa juu ya bati mpaka ukawa wa kahawia, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Akina mama wa Kakamega na Bungoma wanajua, bila kusimuliwa habari za Daniel Wheeler, kwamba nafaka ikipita kwenye moto mkavu inapata ladha ambayo maji pekee hayawezi kuitoa.

Maarifa ni yale yale: kuotesha nafaka, kuipa moto, kusawazisha utamu kwa uchungu, kuikabidhi hamira kazi. Kilichotofautiana ni heshima na kumbukumbu. Waingereza walipima, wakaandika, wakaweka sheria dhidi ya uchakachuaji, hatimaye wakayafungasha maarifa hayo ndani ya kopo ambalo mtu wa Adelaide au London anaweza kulitumia bila mwalimu. Wapishi wetu wamebaki wakitegemea kumbukumbu ya mama kwa binti, na mara nyingi wakikimbizana na askari.

Kutofautisha pombe na sumu

Kuna kosa linalofanywa kila siku katika mazungumzo yetu: kuviweka pamoja vitu viwili visivyofanana. Kupika bia, mbege au busaa ni kuchachusha, na kuchachusha nafaka hakutoi methanoli ya kiwango cha kumdhuru mtu. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ili upate gongo au chang'aa, ni kazi nyingine yenye hatari zake, na haifai kufanywa nyumbani hata kidogo. Tena maafa makubwa yanatokana na hatua mbaya kuliko hiyo: mfanyabiashara anayetia methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwamo Embu na Kiambu, na wengine wakapofuka, kwa kinywaji kilichotiwa methanoli. Ni uovu ule ule alioufichua Accum mwaka 1820, tofauti ni jina la sumu tu.

Sheria zinatofautiana, na msomaji ana wajibu wa kuzijua za kwao. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa na kuweka masharti ya leseni, ubora na vifungashio kwa watengenezaji wa vileo. Nchini Uingereza mpishi wa nyumbani haruhusiwi kuuza hata chupa moja. Wala sizungumzi na kila mtu: asiyekunywa kwa imani au kwa afya yake ana haki yake, mjamzito na dereva wana sababu zao, na mtoto hahusiki kabisa.

Kwa wanaokunywa, hata hivyo, somo la pota liko wazi. Usalama wa kinywaji haukuletwa na ukubwa wa kiwanda. Kiwanda kikubwa kilizamisha mtaa, na wauza bia wa jiji tajiri walitia sumu kwenye bia ya maskini. Usalama uliletwa na vitu vinavyoweza kukaa kwenye jiko lolote: maji yaliyochemshwa, vyombo vilivyotakaswa, haidromita, daftari, na sheria inayomtambua mpishi mwaminifu na kumwandama mchakachuaji. Uingereza iliwaamini wananchi wake mwaka 1963, na matokeo yake ni bia iliyofufuka na maarifa yaliyoenea.

Vyuo vyetu vya kilimo na teknolojia ya chakula vina wataalamu wa kuifanya kazi kama hiyo kwa nafaka zetu. Wakae na wapishi wa mbege na busaa, wapime joto na siku, waandike, walipe haki ya maarifa waliyopewa, kisha wayafungashe. Kimea cha ulezi kinastahili kopo lake, lenye maelekezo ya Kiswahili, orodha kamili ya kilichomo, na jina la mama aliyekitengeneza.